Tembo Asiyemimina Chai

Januari, Gdynia. Winchi zimesimama kwenye theluji
kama watu waliosahau walichoendea dukani.
Mezani pangu kuna kisanduku cha kadibodi,
kimetoka Moradabad, kimepita bahari baada ya bahari
bila kujua kwamba chenyewe ni swali.

Nakifungua. Birika la shaba, alama za nyundo bado zinaonekana.
Bilauri mbili. Kijiko. Majani ya chai gramu mia
ndani ya karatasi. Kitambaa cha pamba chenye upindo mwekundu.
Na tembo wa mti, ukubwa wa ngumi.

Kila kitu na bei yake ya kuvuka mlango:
chai inapita bure, kama bibi harusi;
shaba, asilimia tatu;
bilauri, kumi na moja;
kitambaa, kinyonge kuliko vyote, kumi na mbili.
Ila vikikaa pamoja kwa haja moja,
vikauzwa hivyo hivyo bila kufunguliwa,
sheria inataka vihesabike kuwa kimoja,
na mimi, Halszka Wrycza, miaka ishirini na sita forodhani,
nitaje ni kipi kinachokipa kisanduku roho yake.

Niambie wewe: mafiga ni matatu,
lipi ndilo linaloivisha chungu?

Bwana Klinkosz, mwagizaji, amekuja mwenyewe,
theluji inamyeyukia mabegani.
Anataka birika. Bila shaka anataka birika:
asilimia tatu inamwachia cha kulipia joto la duka.
"Bibi, chai bila birika ni majani tu."
Bosi wangu wa ghorofa ya juu anataka bilauri.
"Nani anakunywa kwenye mdomo wa birika?"
Nilimwona baba yangu akifanya hivyo,
zamu ya usiku, gatini, glavu mkononi,
lakini hilo haliandikwi kwenye fomu.

Akikosekana mshindi, iko kanuni moja ya kuchekesha:
zipange namba, ya mwisho ndiyo.
Pamba sitini na tatu, kioo sabini,
shaba sabini na nne.
Wa mwisho anakuwa wa kwanza, tena bila kungoja kiyama.
Klinkosz anakaribia kutabasamu.

Lakini tembo.

Tembo hamimini, hakorogi, hafuti mdomo.
Haja yake si ya chai. Na mmoja asiye na haja
anaivunja seti nzima:
kila kitu kitoke, kisimame foleni, kilipe peke yake.
Visanduku mia tisa na arobaini.
Tabasamu la Klinkosz linarudi lilikotoka.

Nikaandika barua: huyu tembo ni wa nini?
Siku kumi na moja. Jibu likaja, mistari michache:
*Shehena ya kwanza bilauri zilifika vipande.
Mfungaji wetu, Nasiban, alipima pengo kwa ngumi yake,
akaokota tembo kwenye kapu la mwanawe seremala,
akamtia katikati. Tangu hapo hazigongani.
Tukipata karatasi za kujazia tutamwondoa.
Samahani kwa usumbufu.*

Nilimtoa tembo. Nikakitikisa kisanduku.
Bilauri zikalia.
Nikamrudisha, mkonga chini, kama nilivyomkuta.
Kimya.

Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwa wino:
*Tembo: kifungashio. Ahesabiwe pamoja na anachokilinda.*
Bosi alisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani,
akatafuta muhuri kwenye droo isiyo yake.

Klinkosz aliuliza kama anaweza kuniachia mmoja,
wa ukumbusho tu, wa kuweka dirishani.
Nikamwambia hiyo inaitwa rushwa;
na hata isingeitwa,
bilauri za kisanduku hicho
zingefikaje nyumbani kwa mtu?